Siku Njogu na Ndambuki Walipobadilishana Hoja

Kwa miaka mingi watu wa mtaa wa Kaloleni, jijini, hawakuhitaji redio Jumamosi jioni. Walikuwa na Njogu na Ndambuki.

Wawili hao walikuwa majirani, kibaraza kwa kibaraza, katika zile nyumba za mawe za vigae vyekundu zilizozunguka uwanja wa nyasi. Njogu alikuwa fundi wa mabomba wa baraza la jiji, mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Ndambuki alikuwa dereva wa lori katika baraza hilo hilo, mrefu, mpole wa maneno, na jioni alizoea kuchonga vifaru na swara wa mti wa kuwauzia watalii mjini. Wote wawili waliingia Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, ujanani, wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani kwa ajili ya mfalme wa Waingereza, wakarudi wazima. Na walichorudi nacho, ukiacha malaria na makoti mazito ya jeshi, kilikuwa ubishi mmoja tu: je, ilikuwa haki kuitupia miji ya watu lile bomu la atomiki ili vita viishe?

Njogu alisema ilikuwa haki. Ndambuki alisema haikuwa.

Ubishi huo ulikuwa na mwendo wake, kama ibada. Ndambuki angetoka na kigoda chake na kipande cha mti, akaketi, akaanza kuchonga. Njogu angetoka na kikombe cha chai, akatazama mbingu kana kwamba anatafuta mvua, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya mwisho: "Leo nimeamka nikiwa hai. Sijui ni kwa sababu ya nani."

"Kwa sababu ya Mungu," Ndambuki angejibu bila kuinua macho.

"Mungu na bomu."

"Usimwunganishe Mungu na kitu kile."

Basi hapo viti vingeanza kutolewa nje. Akina mama waliokuwa wakichambua sukuma wiki wangesogea karibu. Vijana waliorudi kutoka uwanja wa mpira wangesimama na viatu mabegani, wakicheka, "Mabuda wameanza!" Njogu angesimama katikati ya nyasi na kueleza jinsi walivyokuwa kambini Bara Hindi mwezi ule wa nane wa mwaka wa arobaini na tano, wakifundishwa kushuka ufukweni kutoka kwenye boti, maana safari iliyofuata ilikuwa Malaya, na kila mtu alijua kwamba wengi hawangerudi. "Kisha bomu likaanguka, na jingine, na vita vikaisha! Mimi hapa nina mke na watoto wanne. Bila bomu lile, Wangeci angeolewa na mtu wa Murang'a!" Na Wangeci, mkewe, angepaza sauti kutoka jikoni, "Huenda angekuwa na sauti ya chini!" Watu wangevunjika mbavu.

Ndambuki hakuwa na vituko. Alisema neno moja moja, akipuliza vumbi la mti. Kwamba mji si kambi. Kwamba katika mji kuna wazee na wajawazito na watoto walio shuleni. Kwamba mtu akikuokoa kwa kumchoma mtoto wa mtu mwingine, huwezi kumshukuru huku umemtazama usoni. Njogu angefoka, Ndambuki angetikisa kichwa, na giza lilipoanza kuingia, Mbeti, mke wa Ndambuki, angekuja kumchukua mumewe akale. Hakuna aliyewahi kushinda. Jumapili wawili hao wangeondoka pamoja asubuhi kwenda kanisani, kila mmoja akaingia lake, na kurudi pamoja wakiwa wamefungia nyama katika gazeti, waliyonunua katika soko la jirani, nalo liliitwa Burma.

Watu wa mtaa walidhani wanaujua ubishi huo ndani na nje. Njogu naye alidhani hivyo.

Mwaka wa sabini na tisa Njogu alistaafu. Alikuwa amejenga nyumba ndogo Njiru, huko ambako wakati huo kulikuwa na mashamba na vichaka na nyumba za kuhesabika, na nyumba ya Kaloleni ilikuwa ya baraza, haina budi kurudishwa. Wangeci alianza kufunga vyombo. Njogu alizunguka mtaani akijifanya ana shughuli. Alisimama karibu na mifereji ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameitia koki mpya, akaifungua na kuifunga. Alisikiliza gari la moshi likipiga kelele upande wa Makongeni, kelele ambayo kwa miaka thelathini hakuwa ameisikia, kwa jinsi alivyoizoea. Alitazama wasichana wakiruka kamba pale ambapo Teresiah, bintiye mkubwa, alikuwa akiruka.

Ni Wamalwa aliyeleta wazo. Wamalwa alikuwa kijana aliyezaliwa pale pale mtaani, akawa anasoma chuo kikuu, na ndiye aliyekuwa katibu wa chama cha vijana cha mijadala. Alikuja jioni moja, akawaamkia wazee wote wawili, akaketi ukingoni mwa kibaraza.

"Wazee wangu," alisema, "hatuwezi kumwacha Mzee Njogu aondoke hivi hivi. Tunataka tuufanye ule mjadala wenu rasmi, ukumbini, Jumamosi mchana. Na mwenyekiti, na saa ya kupima dakika, na kura mwishoni. Tumalize mambo."

"Nitakuja nimevaa suti," Njogu alisema, tayari amefurahi.

"Lakini kuna sharti moja, Mzee." Wamalwa alitabasamu kidogo. "Hoja zenu sisi tunazijua. Hata wadogo zangu wanaweza kuzisema. Kwa hiyo mtabadilishana. Mzee Ndambuki atatetea kwamba ilikuwa haki kutumia bomu. Wewe utapinga."

Njogu aliinuka. "Mimi? Nipinge? Nisimame mbele ya watu niseme kwamba ingefaa nife?"

"Chuoni tunafanya hivyo, Mzee. Mtu anapangiwa upande. Humsaidia kuona."

"Macho yangu hayana ugonjwa!"

Ndambuki alikuwa ameacha kuchonga. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya shingo ya swara. Njogu alimgeukia ili amsaidie kukataa, maana Ndambuki asingekubali kamwe kusema mema juu ya kitu kile, kanisa lake lingemshangaa.

"Mimi nimekubali," Ndambuki alisema.

Basi Njogu angefanya nini? Alikubali pia, akilalamika.

Wiki hiyo yote alihangaika. Alitembea baina ya masanduku akinong'ona. Mwishowe aliona njia rahisi: atamwigiza Ndambuki. Ataketi kwenye kigoda, ataongea polepole, atapuliza vumbi ambalo halipo, na watu watacheka mpaka mjadala uishe. Alimfanyia Wangeci majaribio pale chumbani. Wangeci alicheka kidogo, kisha akaendelea kukunja shuka.

"Na wewe mwenyewe, Baba Teresiah, unaamini nini?" aliuliza.

"Si unajua ninachoamini! Miaka yote nasema nini?"

"Nasikia unachosema. Nakuuliza unachoamini."

Njogu alimwambia kwamba hilo ni swali la mtu aliyechoka kufunga vyombo, akatoka nje.

Jumamosi ilipofika ukumbi ulijaa. Ulikuwa ukumbi wa mambo makubwa, ule. Wazee waliuita bunge, kwa sababu zamani, kabla ya uhuru, ndipo Waafrika wa jijini walipokuwa wakikutana kuzungumza siasa. Njogu alikuwa amecheza dansi humo akiwa na suruali pana, alikuwa ametazama ndondi humo, na Teresiah aliagwa humo alipoolewa. Alipopanda jukwaani na kuona nyuso zote zile, wanawake wa kanisani, mafundi wa baraza, vijana wamekaa madirishani, alijisikia kama mtu anayeangalia picha yake ya zamani akiwa bado ndani yake.

Wamalwa aligonga meza. Akaisoma hoja: "Ilikuwa haki kutumia bomu la atomiki ili kumaliza vita." Akamwita mtetezi.

Ndambuki alisimama. Alikuwa amevaa koti la kijivu la Jumapili. Akatazama mbingu ambayo haikuwepo, akapanua mabega yake membamba, akanguruma, "Leo nimeamka nikiwa hai!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Alikuwa amemwiga Njogu sawasawa, hata namna ya kusukuma tumbo mbele. Njogu alicheka pia, ingawa ndani alikereka: mbinu yake imeibwa! Ndambuki aliendelea hivyo kwa muda, Malaya na boti na mtu wa Murang'a, na watu wakapiga makofi na miguu.

Kisha akaacha kuiga. Mabega yakarudi mahali pake.

"Hiyo ilikuwa hoja ya Njogu," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Sasa niseme yangu. Nimeambiwa nitetee, nami nitatetea.

"Nilikuwa na kaka. Wengi hapa hamjui. Aliitwa Matheka. Tuliandikishwa siku moja, pale Machakos, yeye akiwa mbele yangu kwenye mstari kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Mimi nikapewa lori, yeye akapewa bunduki. Akauawa Burma, katika bonde moja la matope, wakati wa mvua kubwa, mwaka wa arobaini na nne. Sikuwepo. Nilikuwa nyuma nikipakia mafuta. Walimzika wenzake, na mimi kaburi lake sijawahi kuliona.

"Mwaka uliofuata, kule kambini Bara Hindi, ofisa akatuambia kuhusu bomu. Wenzangu wakacheza. Njogu hapa alipanda juu ya meza. Mimi nilikwenda nikalala chini ya lori langu, nikalia. Mnadhani nililia kwa nini? Mnadhani niliwalilia watu wa ile miji?"

Aliwatazama mstari kwa mstari.

"Hapana. Nililia kwa sababu limechelewa. Nilisema, kwa nini hawakulitupa mwaka jana, Matheka akiwa hai? Ile ni miji miwili tu. Mimi ningewapa kumi. Ningepewa mimi niliachilie kwa mkono wangu, ningeliachilia, na baada ya hapo ningekula chakula changu. Hiyo ndiyo hoja, mwenyekiti. Mtu aliye na ndugu vitani hana mizani nyingine. Ukimwambia kuna watoto katika mji ule, atakwambia, mimi nina Matheka. Na sijui ni nani katika ukumbi huu anayeweza kumwambia mtu huyo kwamba amekosea, mpaka na yeye awe na wa kwake bondeni."

Alikunja kitambaa alichokuwa akipangusia uso.

"Miaka yote hii mlinisikia nikimpinga Njogu. Sikuwa nikimpinga Njogu. Nilikuwa nikimpinga yule kijana aliyekuwa chini ya lori. Ninamwogopa mpaka leo. Lakini leo mmesema nimtetee, basi nimemtetea."

Akaketi. Nyuma kabisa alisikika mtoto akinyonya. Mbeti alikuwa amejifunika mdomo kwa leso, na ilionekana wazi kwamba hata yeye mengine alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza.

"Mpinzani," Wamalwa alisema kwa sauti ndogo.

Njogu alisimama. Kigoda alichokuwa amekileta kwa ajili ya mchezo wake kilikuwa pale karibu na miguu yake, akakisukuma nyuma ya meza. Kwa miaka thelathini alikuwa amesimama juu ya nyasi na kumpigia kelele mtu huyu kuhusu furaha ya kuokoka, na mtu huyu alikuwa akichonga swara tu. Alimtazama Ndambuki. Ndambuki alimtazama, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemruhusu mwenzake apite mlangoni kwanza.

"Nilipanda juu ya meza," Njogu alianza. "Ni kweli. Nilicheza mpaka meza ikavunjika." Wachache walicheka, wakaacha. "Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimeambiwa sitakufa. Ningefanya nini? Na hata sasa siwezi kujuta kwamba nilicheza. Ninyi mliokuja leo kunisikia nikijuta, nisameheni.

"Lakini nimepewa kazi ya kupinga." Akavuta pumzi. "Nitawaambia jambo la hapa hapa, kwa sababu Japani sikufika.

"Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa vita vya msituni dhidi ya Waingereza, alfajiri, wanajeshi waliuzunguka mtaa huu. Baadhi yenu mlikuwepo. Walitutoa nje sote sisi tuliotoka upande wa mlima, wanaume, wanawake, watoto, tukakalishwa chini pale kwenye nyasi. Mikono kichwani. Mimi nilikuwa na medali yangu ya Burma ndani ya nyumba, kwenye kopo la chai. Nilimwambia ofisa, mimi nilipigania mfalme wako. Hakuniuliza kama nimekula kiapo cha wapiganaji. Hakuniuliza kama najua msitu uko wapi. Aliniuliza kabila. Nikamwambia. Akaonyesha lori kwa kidole."

Alijikuta ameinua kidole chake mwenyewe, akakitazama, akakishusha.

"Nilikaa kizuizini Manyani miaka mitatu. Wangeci alirudishwa Nyeri kwa nguvu. Teresiah alikuwa mchanga, anaumwa kifua, na mama yake aliogopa atamfia njiani. Mbeti, yule pale, alimchukua mtoto akamfunga mgongoni, na askari alipouliza, Ndambuki akasema ni wa kwake. Mpaka leo Teresiah akihesabu haraka anahesabu Kikamba. Ninyi mnamcheka.

"Sasa nawauliza. Wale Waingereza walikuwa na vita vyao huko msituni, walitaka viishe. Na pengine walikuwa wakiambiana vilevile: tukiuzoa mji wote, vita vitaisha upesi, na watu wengi wataokoka. Labda hata ni kweli kwamba viliisha upesi. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa nimeketi pale kwenye nyasi, sikuwa Njogu. Nilikuwa mji. Mtu akishageuzwa kuwa mji, unaweza kumfanya lolote, kwa sababu mji hauna jina la mama yake. Na kule Japani asubuhi ile, yuko fundi wa mabomba aliyekuwa akienda kazini. Lazima alikuwepo. Hakuna mji usio na fundi wa mabomba."

Sauti yake, ile ya kuvuka mto, ilikuwa imeshuka mpaka watu wa nyuma waliinama mbele.

"Miaka yote nikisema bomu lile lilikuwa haki, sikuwahi kuliweka jambo hili la nyasi karibu na lile. Niliyaweka kama watu wanavyoweka mafuta ya taa mbali na unga. Leo mmenilazimisha. Ndambuki anasema mtu mwenye ndugu bondeni hana mizani nyingine, na mimi siwezi kumkosoa. Nasema tu kwamba mizani ile asishike yeye. Wala mimi niliyekuwa juu ya meza. Ashike mtu mwingine, kama yupo. Nimemaliza, mwenyekiti, dakika zangu sijui kama zimekwisha."

Zilikuwa zimekwisha zamani. Wamalwa alikuwa amesahau kuitazama saa.

Vijana wawili walikuwa wamejiandaa kuongea kutoka kwa wasikilizaji, na waliongea, vizuri tu, kuhusu idadi ya waliokufa na waliokuwa wanatarajiwa kufa, na kama Japani ilikuwa karibu kusalimu amri au la. Watu waliwasikiliza kwa heshima. Kisha kura ikapigwa kwa kuinua mikono. Hoja ikashindwa, lakini kwa mikono michache, na Ndambuki mwenyewe aliinua mkono wake kuipinga hoja aliyokuwa ameitetea. Mikono ya Njogu ilibaki juu ya magoti yake. Hakuipa upande wowote, na hakuna aliyemwuliza.

Walirudi nyumbani wakikatiza uwanjani. Wake zao walikuwa wametangulia mbele, wameshikana mikono. Jua lilikuwa bado juu ya vigae. Njogu alikuwa na hasira, na hakujua aipeleke wapi, basi akaipeleka alikozoea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kuhusu Matheka? Ulijua nilifiwa."

"Nilijua ulifiwa! Kila mtu alifiwa! Sikujua haya ya lori. Umeniacha nicheze mbele yako kila Jumamosi kama nyani."

Ndambuki aliendelea kutembea. "Ningekwambia, ungeacha. Ungeanza kunihurumia. Ungetoka na chai yako, ukaniuliza kama nimelala vizuri." Akacheka peke yake. "Nani alitaka kuhurumiwa Jumamosi? Nilikuwa na wiki nzima ya kujihurumia nikiwa ndani ya lori. Jumamosi nilitaka mtu aje anipigie kelele."

Njogu alisimama. Alitaka kusema kitu kikubwa, na kilichomtoka ni, "Hata lile la Murang'a?"

"Hasa lile la Murang'a."

Wakacheka, na kicheko kile kikawashika mpaka wakalazimika kusimama na kushikana mabega, wazee wawili waliovaa suti katikati ya nyasi, huku watoto waliokuwa wakicheza mpira wakingoja wapite.

Wiki iliyofuata Njogu alihama. Ndambuki aliomba lori la rafiki yake mmoja wa viwandani, akalipakia kwa mkono wake mwenyewe, hakuruhusu vijana waliweke kabati vibaya, na akaliendesha mpaka Njiru polepole kana kwamba amebeba mayai. Walishusha vyombo, wakanywa maji, wakaagana kwa mkono, na Njogu akabaki amesimama mlangoni pa nyumba inayonuka saruji mbichi.

Njiru palikuwa kimya. Asubuhi kulikuwa na ndege na punda wa wauza maji. Hapakuwa na kibaraza cha jirani. Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya shamba la mahindi, mtu mwema, mfuga ng'ombe, ambaye Njogu alipomtajia bomu la atomiki alisema, "Ehe," akamwuliza kama anajua dawa ya kupe. Jumamosi zilikuwa ndefu. Njogu alipanda ndizi. Alichimba mtaro wa maji ambao haukuhitajika. Wakati mwingine, mwanga ulipoanza kuwa wa rangi ya chungwa, alikuwa akitoka na kikombe chake, akatazama mbingu, na Wangeci, aliyekuwa jikoni, aliacha kijiko ndani ya sufuria na kusikiliza kama atasema neno. Hakusema. Alikuwa akikumbuka jinsi viti vilivyokuwa vikikwaruza saruji vikitolewa nje, kimoja baada ya kingine, na harufu ya vitunguu kutoka nyumba kumi kwa mara moja, na Teresiah mdogo amelala mapajani mwa Mbeti huku wanaume wakipiga kelele juu ya kichwa chake. Wakati ule Njogu alidhani kwamba wanajadili vita.

Baada ya mvua ndefu, Jumapili moja, Ndambuki na Mbeti walikuja kuwatembelea. Mbeti alikuwa amebeba maembe ya kwao Machakos. Wangeci alichinja kuku. Walikula, wakasifu ndizi, wakaukagua mtaro, na Ndambuki akasema ni mtaro mzuri ingawa hauendi popote. Kisha wanaume wakaketi nje kwenye viti viwili, na ukimya wa Njiru ukaketi nao.

Njogu alikohoa. Alihisi maneno ya zamani yakimjia mdomoni yenyewe, kwa mazoea, na Ndambuki naye akageuza sikio akiyasubiri. Njogu akayaacha yapite.

"Huyo Matheka," alisema, "alikuwa mtu wa namna gani?"

Ndambuki aliweka kikombe chini. Akageukia mahindi ya jirani. Njogu aliogopa kwamba ameharibu mambo.

"Alikuwa mwongo," Ndambuki alisema hatimaye, na uso wake wote ukaanza kufunguka. "Mwongo, bwana! Lakini mwongo mzuri. Siku moja, mimi nikiwa mdogo sana, alimwambia baba kwamba mbuzi wetu ameliwa na chui. Sasa sikiliza. Mbuzi mwenyewe alikuwa amemfunga nyuma ya nyumba ya msichana mmoja…"

"Ngoja," Njogu alisema, akainuka nusu, akapaza ile sauti yake kuelekea jikoni. "Wangeci! Mbeti! Leteni viti vyenu!"